Mtani wa Visiwa Vitatu

Jumatatu, 4 Novemba 2024. Kambarage, Shinyanga.

Ushindi, japo nusu! Baada ya Misa ya asubuhi nilimsindikiza Mama Davis hadi kwenye mashine ya kusaga. Nilimbebea kitabu chake cha nyimbo, nikamwomba radhi kwa kukibeba bila ruhusa. Nikamwuliza, kwa mara ya tatu tangu Pasaka, iwapo angeridhia tumalizie uzee pamoja, yeye mjane na mimi mgane. Akacheka. Akasema ana miaka sitini na mitatu na hajawahi kukanyaga kisiwa hata kimoja, na Ziwa lenyewe liko hapo tu. Mwanamume atakayepanga safari ya visiwa vitatu, na malazi yenye kitasa mlangoni na yasiyo na kunguni, huyo atasikilizwa. Jibu lake atalitoa Jumapili ya tarehe 17.

Kwa bahati mbaya Mzee Sostenes alikuwa nyuma yetu. Alikuwa mkagua tiketi wa reli. Amestaafu yeye, masikio yake bado yako kazini. Akatangaza palepale kwamba yeye atampeleka Unguja, tena kwa ndege. Akatoa simu na kuonyesha picha zake za mwaka jana akiwa amevaa kaptura. Kaptura! Mtu wa miaka sabini na mmoja, msoma masomo kanisani.

Pensheni yangu haifiki kwenye ndege. Haifiki hata kwenye gesti tatu. Nimesali, nimetafakari. Wazo limekuja. Namwomba Mungu anisamehe, kwa sababu ni wazo zuri mno.

Jumanne, 5 Novemba.

Wazo lenyewe ni hili. Msibani hakuna anayelala njaa wala anayelipia mkeka. Hata hivyo mwombolezaji wa kawaida hutakiwa kutoa rambirambi. Mtani hatoi kitu. Mtani hupewa! Huvaa nguo za marehemu, huigiza mwendo wake na sauti yake, huwatukana wafiwa mpaka wacheke katikati ya machozi, na wakimchoka humpa kuku na nauli ili aondoke. Mimi ni Msumbwa wa Ushirombo. Visiwani kumejaa watu wa makabila yote. Pasipo na watani wangu halali, hakuna afisa wa kukagua.

Basi nitatangulia peke yangu, nipite visiwa vitatu kwa njia ya misiba. Nitakagua vitasa na kunguni, nitafahamiana na wenyeji, kisha nitamleta Mama Davis apokewe kama ndugu. Mchana nilikaa karibu na redio na kalamu mkononi kusikiliza matangazo ya vifo. Mzee Mageni wa kisiwa cha Isumba ametutoka. Bibi Vumilia wa Nyamitoma naye. Nilijikuta nimesema asante. Nilitubu papo hapo.

Wasiwasi wangu ni mmoja tu. Sijapata kumtukana mtu. Shule ya misheni ilitufundisha kuomba radhi kabla ya kosa, ili kuokoa muda.

Jumatano, 6 Novemba. Isumba.

Basi hadi Geita, gari jingine hadi Nkome, kisha mtumbwi wa injini. Nimelipa nauli ya kwenda tu. Ya kurudi nimeiachia imani.

Ziwa lilikuwa limetulia kama maziwa yaliyoganda. Mbele yetu palisimama nguzo nyeusi, kutoka majini hadi mawinguni. Nahodha, kijana mpole aitwaye Nasibu, akasema nisiogope, ni wadudu wadogo wa ziwani, huzuka wakaruka hivyo. Nikamwuliza kwa nini nguzo ile inakuja nasi. Akasema wadudu hawaendi na mtu. Ilikuja nasi mpaka mwaloni, mitumbwi inapotia nanga.

Msiba ulikuwa mkubwa. Mzee Mageni alikuwa muuza vipuri vya injini. Nilijitambulisha kuwa mtani, nikaanza kazi. Nikasema kwamba, samahanini sana, marehemu alikuwa mchoyo kidogo, kwa kadiri nilivyoarifiwa, na kama nimekosea niko tayari kusahihishwa. Mama mmoja akauliza jikoni kama huyu ni mtani au ni wakili wa mirathi. Wakacheka, ila walinicheka mimi.

Wakanipa koti la marehemu na fimbo yake, labda zingenisaidia. Nikasimama. Mguu wangu wa kushoto ukafupika.

Siwezi kulieleza hili vizuri zaidi. Hakuna aliyeniambia kwamba marehemu alichechemea, wala kwa mguu upi. Nilitembea hadi mlango wa jiko, na mlangoni nikainama, kukwepa boriti. Hapakuwa na boriti. Watu walikuwa wameanza kucheka walipoliona hilo, na kicheko chao kikakatika chote kwa pamoja, kama kilichokatwa kwa panga. Zipora, binti wa marehemu, aliangusha upawa. Akasema boriti ile ilitolewa mwaka juzi, baba alipojigonga mara ya tatu, lakini hakuacha kuinama hadi anakufa.

Nimepewa paja la kuku. Kitasa: kizuri. Kunguni: wawili.

Alhamisi, 7 Novemba. Isumba.

Nimeamka, nimevua koti, nimerudisha fimbo. Mguu haujarudi. Nachechemea.

Zipora ameniuliza nilimjuaje baba yake. Nikamjibu kwamba elimu ya zamani ilikuwa nzito. Akanipa kuku mzima na nauli, akaniomba kwa heshima zote nisirudi kabla matanga hayajaondolewa. Baada ya kufikiri akaongeza: wala baada ya hapo. Nimeandika kwenye karatasi ya Mama Davis: *Isumba, wenyeji wakarimu.*

Ijumaa, 8 Novemba. Nyamitoma.

Bibi Vumilia alivuta kiko na hakuwahi kumsifu mtu. Nilifungwa kanga zake mbili, nikapewa kiko kisicho na moto. Nilijisikia vibaya. Nilikusudia kuanza kwa kuomba radhi.

Sauti ikatoka kabla sijafumbua mdomo vizuri. Sauti ya kikongwe, kavu, yenye kukwaruza. Ikamwambia mkwewe kwamba ugali wake una mabonge tangu siku ya harusi, na kama mume hajakimbia ni kwa sababu kisiwa hakina barabara. Wanawake wakavunjika mbavu! Mkwe mwenyewe alilia kwa kucheka, akajibu: "Na wewe mama, hata kaburini hushibi maneno?" Ilikuwa saa saba mchana, jua la utosi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa mchekeshaji. Nilifurahi mno.

Kisha sauti ikasema: "Sogeeni. Mmewakalia wenzangu."

Wanawake tisa walisogea kwa mara moja, bila kutazamana. Nusu nzima ya mkeka ikabaki tupu. Hakuna aliyekaa pale mchana kutwa. Walipogawa chai, mkwe aliweka vikombe vitatu mahali pale patupu. Nilipaomba radhi pale mahali, nikauliza kama kuna anayehitaji sukari. Nilipotazama tena, vikombe vilikuwa vimepungua hadi nusu.

Komeo: la chuma. Kunguni: hakuna. Nyamitoma inapendekezwa sana.

Jumamosi, 9 Novemba. Nyamitoma.

Nachechemea, na kila nikikohoa anakohoa bibi kizee. Vinginevyo afya njema.

Nasibu amekuja na habari za kisiwa cha tatu. Kule Kalwazi mvuvi aitwaye Maduhu amezama wiki mbili zilizopita, na maiti yake haijaonekana. Kesho watazika mgomba badala yake, ndiyo desturi yao kwa aliyemezwa na maji. Nikauliza kama kutakuwa na chakula. Akasema, "Babu, kwani wewe umetumwa na nani?" Nikamwambia nimetumwa na mapenzi. Hakucheka.

Jumapili, 10 Novemba. Kalwazi.

Mgomba uliviringishwa shuka nyeupe, ukabebwa na wanaume sita. Ulikuwa mfupi, lakini walitembea kama waliobeba mzigo mzito.

Mjane wa Maduhu, Loveness, ana watoto wanne. Kilichomsumbua kuliko yote ni mashine ya mtumbwi. Maduhu aliificha kabla ya kuzama, kwa sababu wezi wa mashine walikuwa wengi, na hakumwambia mtu. Bila mashine hawavui, na wasipovua hawali. Alinikabidhi shati la marehemu kwa mikono miwili, akasema: "Mtani, wewe sema lolote. Tumelia vya kutosha."

Shati la bluu. Mifuko miwili, kola imesimama. Lilikuwa limeanikwa juani tangu asubuhi, limekauka kabisa. Nilipolivaa lilikuwa limelowa.

Nilicheka. Si mimi. Kicheko kinene, cha mtu aliyezoea kuita kutoka mtumbwi hadi mtumbwi. Nikamwambia Loveness: "Mke wangu, unalia huku umeikalia?" Akaruka. Wakachimba chini ya kichanja cha dagaa, mahali palepale alipokuwa amekaa. Mashine ilikuwemo, imefungwa kwenye turubai. Loveness aliikumbatia kama mtoto. Wanaume walivua kofia. Hakuna aliyenipigia makofi.

Lazima niandike ukweli. Yule mtu hakuomba radhi hata mara moja, na ilikuwa raha isiyo kifani.

Jumatatu, 11 Novemba. Majini.

Kabla ya kuondoka, mama yake Maduhu, Bibi Mariana, alinifuata mwaloni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanishika kiwiko. Akasema nguo ya mtu wa majini hairudi nchi kavu. Tukifika katikati ya ziwa nilitupe shati lile kwa mkono wa kushoto, nisitazame linavyozama. Mwanawe bado anatafuta njia ya kutokea. Nisimpe njia isiyo yake. Akayarudia maneno hayo mara mbili, polepole, kama unavyomwagiza mtoto dukani. Nikashukuru: wabeja sana mama, nimeelewa.

Tumefika katikati. Nimelitoa shati. Ni shati zuri. Kola haijaguswa na wembe wa fundi. Mashati yangu ni mawili, na kola zote mbili marehemu mke wangu Melania alizigeuza, Mungu amrehemu, na sasa hazina upande wa tatu. Ningewezaje kwenda kuposa na kola za namna ile?

Nilimwomba radhi marehemu. Nikatupa leso yangu. Nayo ni ya bluu.

Injini ikazima. Hapakuwa na upepo wala ndege. Nguzo nyeusi za wadudu zilikuwa zimesimama pande zote, nikahesabu saba. Ndipo pakasikika kugongwa chini ya mtumbwi. Mara tatu, kwa adabu, kama mtu aliyesoma misheni.

Nikasema karibu. Ni mazoea tu! Mtu akigonga mlango utasemaje?

Injini ikawaka yenyewe. Nasibu hakunitazama tena mpaka Nkome, na hakutaka nauli. Alisema abiria wawili kwenye kiti kimoja yeye hawatozi. Nimeiandika kuwa akiba.

Jumatano, 13 Novemba. Kambarage.

Nyumbani. Sakafu chini ya kiti changu ina maji. Nimeyafuta mara nne. Nyumba inanuka dagaa, na paka wa mtaa mzima wamekaa uani wakitazama mlango, wala hawasogei karibu.

Sostenes alipita kuringa na bei za ndege. Nilikuwa najaribu shati mbele ya kioo. Nikafungua mdomo kumkaribisha kwa staha. Ikatoka sauti nene: "Sostenes! Ile miguu ya kwenye picha umeazima kwa korongo? Mrudishie, analia kule bwawani!" Majirani walisikia. Mwenye duka alicheka mpaka akamwaga unga. Sostenes aliondoka amejikunja.

Nimeona aibu kubwa. Nimeirudia kichwani mara ishirini.

Nimelivua shati. Sauti haikuondoka.

Jumapili, 17 Novemba.

Naandika kwa sababu mkono bado ni wangu.

Niliandaa hotuba ya kurasa mbili: visiwa, malazi, vitasa, kunguni, nauli na mahali pa kusali. Nilivaa shati la bluu. Mama Davis alikuwa ameketi barazani kwake na vikombe viwili vya chai. Alikuwa amesuka nywele.

Nikafungua karatasi. Maduhu akasema: "Wee mama, wacha chai! Panda mtumbwini tuondoke, maji hayamngoji mtu!" Akacheka kile kicheko chake, akamshika mkono. Matone yakaanguka kutoka kwenye kola juu ya kitabu chake cha nyimbo. Hatujapata mvua wiki nzima hapa Shinyanga.

Mama Davis aliutoa mkono wake taratibu. Akanitazama machoni, kisha juu ya bega langu la kushoto, kisha juu ya bega la kulia, kama mtu anayehesabu wageni. Akauliza, akitumia jina la binti yangu kama anavyoniita siku zote: "Baba Aneth yuko wapi?"

Nilitaka kusema niko hapa. Nilitaka kusema samahani. Samahani haikutoka. Nimelitumia neno hilo kila siku tangu darasa la kwanza, na leo halikuwepo. Nilikohoa, akakohoa bibi kizee.

Ikanilazimu kuandika nyuma ya hotuba. Nikamweleza misiba yote mitatu, koti, kanga, shati, leso. Alisoma bila miwani, hadi mwisho.

Akasema visiwa vilikuwa mzaha. Alitaka tu kuona kama nitapata kuanza safari moja bila kuomba ruhusa. Jibu lake lilikuwa tayari tangu Pasaka, na lilikuwa ndiyo. Alimtaka yule mzee anayekiomba radhi kiti kabla ya kukikalia, kwa sababu marehemu mumewe hakumwomba radhi mtu yeyote kwa miaka thelathini na minne. "Lakini siolewi na umati, Baba Aneth. Natafuta mume, sifungui gesti."

Amri yake: shati lirudi majini, mahali nilipoambiwa, kwa mkono nilioambiwa, na nirudi kwake nikiwa peke yangu. Muda ni hadi Jumapili ijayo, tarehe 24. Baada ya hapo atamkubali Sostenes na kaptura yake, maana huyo angalau ni mmoja.

Alipoagana nami alinigusa kiganja. Akakivuta chake haraka, akakipangusa kwenye kanga. Alikuwa analia.

Jumatatu, 18 Novemba.

Nimepona! Yaani karibu. Binti yangu Aneth amenitumia nauli ya kwenda na kurudi bila kuuliza swali. Shati limekunjwa kwenye mfuko wa plastiki. Mfuko unajaa maji, naumwaga kila saa moja. Kesho basi la kwanza. Naenda, natupa, narudi, naoa. Sijapata kuwa na mpango ulionyooka kama huu.

Alhamisi, 21 Novemba.

Sijaondoka. Nina sababu.

Nilikuwa nimekwisha simama kituoni Jumanne, mguu mmoja kwenye ngazi ya basi, nikawaza: nauli yote hii, kwenda na kurudi, kwa ajili ya kutupa shati? Huo si uwakili mwema wa mali ya mtoto. Melania asingeafiki. Pesa ile ingetosha kitenge cha Mama Davis, doti nzima, tena chenye rangi anayoipenda. Nikaomba radhi kwa kondakta, kimoyomoyo, nikashuka.

Nimempigia Nasibu. Hakufurahi kunisikia, lakini ni kijana mwenye malezi mema na hakukata simu. Nilimwuliza habari za huko. Kuna mzee mmoja kisiwa cha nne, jirani kabisa na Kalwazi, tajiri wa mabondo ya sangara, vile vibofu vya samaki vinavyouzwa ghali, hali yake si nzuri. Hajala tangu Jumatatu. Familia imekwisha itwa.

Sasa tazama. Bwana akimchukua kufikia kesho Ijumaa, nitasafiri kama mtani. Nitapita katikati ya ziwa, nitatupa shati kwa mkono wa kushoto, sitatazama. Jumamosi nitakula, nitalala, nitapewa kuku na nauli. Jumapili nitapiga magoti kwa Mama Davis nikiwa peke yangu kabisa, na kitenge mkononi. Juu ya yote, kisiwa cha nne! Sostenes hana hata cha pili.

Sina ubaya na mzee yule. Nimesali rozari nzima ili apone, mafumbo yote, wala sikuruka hata tendo moja. Maduhu aliitikia. Bibi Vumilia aliitikia. Kuna mwingine aliyeitikia ambaye bado sijamfahamu.

Baada ya sala nimempigia Nasibu tena kuuliza mgonjwa huvaa viatu namba ngapi, maana nasikia ni vya ngozi, vya kutoka Nairobi. Mimi naona haya kuuliza mambo kama hayo, nikamwachia Maduhu aulize.

Namba nane. Kama mimi.